Chumvi tumeiwekea madini joto, tezi ya dada yangu nani ataipima?

Leo naomba niache habari za vyama na uchaguzi kidogo. Ila mkisoma mpaka mwisho mtaona ni siasa hiyo hiyo, imevaa khanga tu.

Dada yangu ameolewa Kibaigwa. Mimba zake mbili zimetoka, zote kabla ya mwezi wa nne. Ya kwanza watu walimpa pole. Ya pili wakaanza kunong'ona. Mama mkwe akataka aende kwa mganga, na shemeji akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Wakati huo dada mwenyewe anachoka hovyo, ananenepa na chakula hali, nywele zinakatika, anajifunika blanketi usiku ambao sisi wengine tunalala madirisha wazi. Sehemu moja wakamwambia malaria, nyingine UTI, nyingine damu imepungua. Mpaka daktari mmoja alipomshika shingo na kuagiza kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Majibu yakaja: tezi ya shingoni imezembea, haitoi homoni ya kutosha.

Tezi hiyo wataalamu wanaiita thairoidi. Ina umbo kama kipepeo, inakaa chini ya koo, na homoni yake ndiyo inayoendesha mwili mzima. Mwanamke akishika mimba kazi yake inaongezeka, maana mtoto hana tezi yake inayofanya kazi mpaka kama wiki ya 12 na kuendelea. Kabla ya hapo anategemea ya mama tu. Ya mama ikizembea bila dawa, mimba inaweza kuchelewa kushika, na ikishika hatari ya kutoka inakuwa kubwa zaidi.

Wazee wetu wanaijua tezi kwa rovu, yaani goita. Huku bara, mbali na bahari, tatizo kubwa lilikuwa upungufu wa madini joto. Mwaka 1986 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyaweka kwenye chumvi. Kwa hilo serikali tuipe haki yake, ni kazi iliyofanyika. Na sisi tunaokula ugali wa uwele tusiidharau chumvi hiyo, kwa sababu watafiti waliofanya kazi Sudan waliona uwele unaweza kuikorofisha tezi pale madini joto yanapokuwa machache. Sisemi tuache uwele, jamani! Nasema angalieni pakiti ya chumvi imeandikwa nini kabla ya kuitia kwenye mlenda.

Lakini chumvi ni kinga. Haiwezi kuiamsha tezi iliyokwisha kuharibika, kwa mfano pale kinga ya mwili yenyewe inapoishambulia. Huyo anahitaji kidonge cha levothairoksini kila siku. Ni dawa ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kurundika chumvi kwenye mboga hakumsaidii, kutamletea presha tu.

Sasa sikilizeni kilichompata dada. Alikunywa dawa miezi mitatu, akarudi kupima, TSH bado iko juu. Akaambiwa hamezi dawa vizuri. Akalia. Mimi ninamjua, hajaruka hata siku moja! Tukakaa naye akatuonyesha: kila asubuhi anameza kidonge cha tezi pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa baada ya mimba kutoka, halafu chai ya maziwa juu yake. Dawa zote kwa mkupuo ili asisahau. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Kumbe madini ya chuma yanaishika dawa ya tezi tumboni, haiingii mwilini vizuri. Vidonge vya kalsiamu navyo hivyo hivyo. Inatakiwa imezwe na maji matupu kabla ya kula kitu, usubiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo unywe chai, na vidonge vya damu vikae mbali nayo kama saa nne. Hakuna aliyemwambia. Aliyempa dawa ya tezi hakuuliza kuhusu vidonge vya damu, na aliyempa vidonge vya damu hakuuliza kuhusu tezi. Alipotenganisha, kipimo kilishuka.

Hili si la dada peke yake. Vidonge vya damu anapewa kila mjamzito kliniki, na ni vizuri apewe. Pale kliniki anapimwa damu, presha, VVU na kaswende. Tezi haimo kwenye orodha hiyo ya kawaida. Halafu utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa mjamzito mmoja tu kati ya wanne hivi ndiye aliyeanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa mwenye tezi dhaifu, miezi hiyo ndiyo yenyewe! Mahitaji ya dawa yanaweza kupanda kuanzia wiki ya tano. Mwongozo wa madaktari wa tezi wa Marekani wa 2017 unasema mwanamke aliye kwenye dawa aongeze dozi kwa asilimia 20 hadi 30 mara anapogundua ana mimba, na kabla ya kushika TSH iwe chini ya 2.5. Kwa hiyo mpango unatakiwa upangwe na daktari kabla, sio tumbo likishaonekana.

Ila wadau, msikimbilie duka la dawa. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema ni kasoro za kromosomu, hapo hakuna wa kulaumiwa. Na utafiti wa Uingereza uliotoka 2019, kwa wanawake 952 wenye dalili za kinga kuishambulia tezi lakini homoni iko sawa, ulionyesha dawa hii haikuongeza watoto waliozaliwa hai. Kwanza pima.

Siasa yangu ndiyo hii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa hapa hapa Dodoma, Novemba 2023. Waheshimiwa, mwanamke aliyepoteza mimba mbili apimwe tezi bila kuuza mbuzi. Wataalamu wa uzazi wa Ulaya, ESHRE, wameshaliweka hilo kwenye mwongozo wao. Na la pili halina gharama hata shilingi: anayegawa vidonge vya damu aulize, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

Naandika haya dada bado hajashika mimba. Dawa anameza alfajiri, anafagia uwanja, ndipo anakunywa chai. Shemeji siku hizi ndiye anayemkumbusha. Mama mkwe bado anamtaja mganga, lakini juzi ameuliza hicho kipimo kinafanywaje.

Na kwenu huko, mama akipoteza mimba anaulizwa nini kwanza: ana tatizo gani, au amekosana na nani? Semeni.