Sinema Husikilizwa Pia

Katika nyumba nyingi za Kigali, sinema ya kigeni hutazamwa kwa msaada wa msimulizi, ambaye hueleza kwa Kinyarwanda yanayosemwa na kutendwa. Sinema za namna hiyo huitwa agasobanuye, na msimulizi Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alipendwa sana kwa kazi hiyo. Mama asiyejua Kifaransa wala Kiingereza hucheka pamoja na wanawe, na hilo si jambo dogo. Walakini faida hiyo ina gharama yake: sauti ya msimulizi ikipanda, muziki wa sinema huzama.

Muziki uzamao upesi ni ule wa jazi upigwao na watu watatu: mmoja kwenye piano, wa pili kwenye besi, wa tatu kwenye ngoma. Bendi kubwa yenye matarumbeta huweza kushindana na kelele. Watatu hawa hawawezi. Piano hutangulia, besi huitikia kwa chini, na ngoma aghalabu huguswa kwa vifagio laini vya waya. Kati ya sauti na sauti huachwa kimya, nacho ni sehemu ya muziki. Msimulizi akikijaza, mtazamaji hupata kisa lakini hukosa hofu au majonzi yaliyokusudiwa.

Mzazi anayetaka kuyazoeza masikio ya watoto yafaa aanze na "Begone Dull Care", filamu ya dakika zipatazo nane iliyotengenezwa na Shirika la Taifa la Filamu la Kanada mwaka 1949, ambayo sasa hupatikana bure kwenye intaneti. Norman McLaren na Evelyn Lambart walipaka rangi na kukwaruza mistari juu ya ukanda wenyewe wa filamu, wakiufuata muziki wa Oscar Peterson na wenzake wawili. Hamna mazungumzo, hivyo mkalimani hahitajiki. Piano ikienda mbio, rangi hurukaruka. Mwendo unapopungua katikati, hubaki mistari michache myeupe juu ya weusi. Hata mtoto mdogo aweza kuonyesha kwa kidole sauti inapopita.

Baadaye ije "Chocolat" ya Claire Denis, ya mwaka 1988, kisa cha familia ya Kifaransa na mtumishi wao nchini Kamerun wakati wa ukoloni. Muziki wake ulitungwa na Abdullah Ibrahim, mpiga piano aliyezaliwa Cape Town. Mtumishi yule husema machache. Asubiriye maneno tu atadhani hakuna linalotokea.

Si lazima msimulizi afukuzwe. Sinema nzuri na itazamwe mara mbili: kwanza pamoja naye, ili kisa kieleweke, kisha bila yeye, masikio yapate zamu yao. Spika ndogo za televisheni huimeza besi. Ikiwapo redio yenye spika kubwa, iunganishwe. Mwishoni watoto wasiulizwe nani alikufa, bali ngoma ilinyamaza wapi, na kwa nini.