Lenzi Ndefu Haipigi Hodi

Ndugu wasomaji, wa kambini na wa mashirika, leo sizungumzii mgao wala vibali. Nazungumzia lenzi ya kamera. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, mtaona tunaongea habari ile ile ya siku zote: nani anamtazama nani, na kwa ruhusa ya nani.

Siku hizi kamera za DSLR, zile nzito zenye kioo ndani na lenzi ya kufungua na kubadilisha, zinafika mpaka huku kwetu Mantapala. Nyingine zinaletwa kwa ajili ya vikundi vya vijana, nyingine mtu ananunua iliyotumika, kwa pesa ya mihogo au ya samaki wa Kashikishi. Na kila kamera ikifika, swali ni moja: pesa inatosha lenzi moja tu ya kazi ya kila siku, tununue ipi? Na jibu nalo ni moja, kutoka kwa wenzetu na kutoka kwa wageni: chukua zumu ndefu, 18-200 au 18-300, eti inafanya yote. Harusi inafanya, mpira inafanya, ziwa inafanya, ndege juu ya mti inafanya.

Mimi nasema jibu hilo ni baya. Ni baya kwa foto zenyewe, na ni baya zaidi kwa watu wanaopigwa. Lenzi ya kila siku ya watu kama siye iwe fupi, nyepesi, na yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga.

Tuanze na mwanga, maana hapo hakuna siasa. Mambo mengi ya maana huku yanatokea gizani au karibu na giza: ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja dogo, kanisani jioni, kwenye matanga usiku, taa ya sola ikiwa ndiyo taa pekee. Zumu hiyo ya kufanya yote, ukiivuta mbele, inabaki na tundu la f/5.6. Lenzi fupi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hiyo. Maana yake ni nini? Pale ambapo ile fupi inapiga kwa sekunde 1/60, na mama anayecheka anatoka mama anayecheka, zumu inataka kama sekunde 1/6, na mama yule yule anatoka moshi. Basi mtu anawasha flashi, na nyuso zetu zinatoka zinang'aa kama zimepakwa mawese, macho yameshtuka kama ya sungura barabarani. Ndiyo kufanya yote huko?

Halafu kuna vumbi. Zumu ndefu inajitoa na kurudi kama koo la kobe, na kila ikitoka inavuta hewa. Kiangazi cha huku, hewa na vumbi ni kitu kimoja. Lenzi fupi isiyovutika ina njia chache za kuingiza uchafu. Na uzito: zumu ya 18-200 peke yake inapita nusu kilo, wakati lenzi ya Nikon ya 35mm f/1.8 ni gramu 200 hivi. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka sehemu moja ya makazi mpaka nyingine anaijua tofauti hiyo shingoni mwake.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni umbali.

Chukueni hesabu hii. Unataka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kutoka miguu mpaka kichwa, kamera umeishika wima, na kamera ni ya kawaida ya bei nafuu, yenye sensa ndogo. Ukiwa na lenzi ya 35mm utasimama mita 3 hivi kutoka kwake. Ukiwa na 200mm, mita 17. Ukiwa na 300mm, mita 25 na zaidi. Sasa niambieni: mita 3 ni umbali wa nini? Ni umbali wa kusema "Jambo mama", au ukiwa sokoni Kashikishi, "Mulishani mukwai." Katika mita 3 huwezi kunyanyua kamera bila kusema neno. Utaonekana mwizi, na utajisikia mwizi. Lakini mita 17 ni ng'ambo ya barabara. Mita 25 ni ndani ya gari, kioo kimeshushwa kidogo. Hapo unachukua uso wa mtu na kuondoka nao, na yeye hajui hata kama uso wake umesafiri.

Lenzi fupi inakulazimisha upige hodi. Lenzi ndefu haipigi hodi. Ndiyo hoja yangu yote.

Mtasema nazidisha. Haya, twendeni ufukweni. Pale Kashikishi mtu anakaa mchangani na wavu mapajani. Ukimpiga kutoka mbali, una foto ya mvuvi na wavu. Sasa foto hiyo iwekwe tarehe ya Januari. Kila mtu wa Mweru anajua kwamba kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi umefungwa. Foto imeshakuwa ushahidi, na yule mtu alikuwa anashona tu wavu wake akingoja Machi. Angesogelewa, angesalimiwa, angesema mwenyewe anachofanya. Kwetu siye tuliovuka mpaka kukimbia watu wenye silaha, jambo hili si la kinadharia. Kuna mtu ambaye uso wake hautakiwi uonekane upande wa pili wa mpaka, na hakuna lenzi inayoweza kumtambua mtu huyo kutoka mita 25. Ni mdomo tu unaoweza kuuliza, na sikio linaloweza kusikia "hapana."

Historia yetu wenyewe inafundisha hili. Mwaka 1904, huko Baringa, katika Kongo ya Leopold, mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga foto baba mmoja ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wa miti. Foto ile ilioneshwa katika mikutano Uingereza na Marekani. Ni moja ya vitu vilivyowatia watu aibu na hasira, mpaka mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo. Foto hiyo tunayo mpaka leo, na tunajua kwamba baba aliitwa Nsala na mtoto aliitwa Boali. Tunajua kwa sababu mpigaji alikuwa karibu, na aliuliza.

Sasa ruka miaka 89. Mwaka 1993, Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, Kevin Carter alipiga foto ya mtoto ameinama chini kwa njaa, na tai amesimama nyuma yake. Gazeti la New York Times likaichapa. Wasomaji wakauliza: mtoto aliishia wapi? Gazeti likaandika kwamba halijui. Mwaka uliofuata foto ikapata tuzo ya Pulitzer, na mtoto alikuwa bado hana jina. Simhukumu marehemu, alifanya kazi katika njaa na vita, na sisemi lenzi ndiyo iliyokosea. Nasema hivi: vyombo vilikuwa bora mara mia kuliko vya 1904, na jina lilipotea. Kamera kuwa na nguvu zaidi hakumfanyi anayeishika amjue mtu zaidi. Wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Najua majibu yenu. Mtu wa shirika ataniambia: "Nikisogea, watu wanabadilika, wanajipanga, wanasimama wima kama askari. Mimi nataka wawe wa kawaida." Ndugu yangu, kusimama wima mbele ya kamera ndiyo kawaida yetu. Mama anayekimbia ndani kuvaa kitenge kizuri kabla hujampiga hajaharibu foto yako. Amekuambia anavyotaka kuonekana. Na kama unataka akiwa anapika au anacheka na mtoto wake, dawa yake inajulikana: kaa. Keti kwenye kigoda, kula muhogo, ngoja mpaka watu wakuchoke waendelee na kazi zao. Kama ratiba yako haina nafasi ya hilo, tatizo liko kwenye ratiba, na lenzi ndefu isitumike kulificha.

Kijana wa kikundi naye ataniambia: "Na mpira je? Na Mutomboko?" Kweli kabisa. Mwata Kazembe akicheza pale Mwansabombwe mwezi wa Julai, umati ni mkubwa na huwezi kusogea. Lenzi ndefu ina haki yake siku hiyo. Mpira wa Jumapili pia. Basi azima. Hakuna mtu anayenunua gauni la harusi ili alimie.

Sasa ya kununua, ili msiseme nimepiga kelele tu. Kwa Nikon za bei nafuu, chukueni 35mm f/1.8 iliyoandikwa DX na AF-S. Angalieni herufi hizo AF-S vizuri, maana kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani, na lenzi za zamani za AF-D hazitajirekebisha zenyewe; muuzaji hatakuambia. Kwa Canon, wengi watawauzia 50mm f/1.8 kwa sababu ni rahisi. Ni nzuri kwa uso wa mtu, lakini kwenye kamera ya sensa ndogo inakuwa kama 80mm, na ndani ya nyumba zetu mgongo utagonga ukuta kabla mtu hajaenea kwenye foto. Afadhali ile nyembamba ya 24mm f/2.8. Tundu lake si kubwa kama f/1.8, lakini bado linaingiza mwanga mara 4 ya f/5.6, na inakusimamisha mita 2 tu kutoka kwa mtu.

Na kama pesa haipo kabisa, msikope. Ile 18-55 iliyokuja na kamera inatosha kuanzia. Igeuzeni mpaka 35, ifungeni na kipande cha selotepu, mpige mwezi mzima hivyo hivyo. Miguu itajifunza kuwa zumu, na mdomo utajifunza salamu.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, ombi langu ni fupi. Fomu ya ridhaa mnayo, asanteni. Lakini mtu aliyepigwa kwanza kutoka mbali, kisha akafuatwa na karatasi na kalamu, amesaini kitu kilichokwisha kufanyika. Salamu itangulie, kamera ifuate, karatasi imalize. Na foto irudi. Kilio tunachosikia kila siku ni hiki: "Banatupiga foto kila siku, lakini siye foto hatuione." Wengi wetu tulivuka bila picha hata moja ya wazazi wetu. Foto moja ya karatasi ukutani, kwetu, ni ukoo.

Kwa hiyo kikundi kijacho kitakachoandika ombi la kamera kiandike hivi: mwili mmoja, lenzi moja fupi. Pesa iliyokuwa iende kwenye zumu inunue karatasi ya kuchapia, na kila aliyepigwa apewe yake mkononi, kutoka umbali ule ule aliopigiwa.