Picha Nzito Zinakula Bando la Mteja

Mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo akipiga picha ya bidhaa kwa kamera ya simu ya megapikseli 12, anapata picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000. Mara nyingi uzito wake hufika MB 3 au zaidi. Akiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu yenyewe huipunguza uzito kabla ya kuisafirisha. Akiiweka Instagram, upana wake hushushwa hadi pikseli 1,080. Shida huanza siku anapofungua duka lake mwenyewe mtandaoni, maana huko mara nyingi hakuna anayemfanyia kazi hiyo. Picha hupanda jinsi ilivyo, na gharama ya mzigo huo humwangukia mteja.

Ukurasa mmoja wenye bidhaa 20, kila picha MB 3, unabeba MB 60. Mteja aliyejiunga bando dogo la siku anabebeshwa mzigo huo wote, na bado hajachagua hata kitenge kimoja! Tena simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye upana wa pikseli 720 tu. Picha ya pikseli 800 kwa 600 ingemtosha kabisa, nayo ina pikseli 480,000 badala ya milioni 12, yaani moja ya ishirini na tano. Kwa macho, kwenye skrini hiyo, tofauti haionekani.

Duka likichelewa kufunguka, lawama hutupiwa mtandao. Ni kweli mtandao huyumba: Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliwasumbua watumiaji Afrika Mashariki. Lakini siku kama hiyo ni nadra, ilhali picha nzito humsumbua mteja kila siku. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba asilimia 53 ya wanaotembelea tovuti kwa simu huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3 bila kufunguka. Tangu 2018 kampuni hiyo huzingatia pia kasi ya kurasa katika kupanga matokeo ya utafutaji kwenye simu, na tangu 2021 kipimo kimojawapo kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Dukani, kitu hicho kwa kawaida ni picha.

Dawa ipo, na haina gharama kubwa. Kwanza picha ipunguzwe vipimo, kisha ihifadhiwe kwa mfumo wa WebP, ambao kwa vipimo vya Google hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 bila ubora kushuka. Programu ya Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Picha za chini ya ukurasa nazo zisubiri mpaka mteja azifikie. Mfumo wa kujenga tovuti wa WordPress umekuwa ukifanya hivyo wenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Ile ya juu kabisa isicheleweshwe, kwa sababu ndiyo inayomkaribisha mteja.

Kubana nako kuna mpaka wake. Kitenge huuzwa kwa maua na rangi zake, na picha iliyofifia humfanya mnunuzi asite, au apokee mzigo na kuurudisha. Kwa hiyo duka liweke picha ndogo kwenye orodha, na kubwa zaidi ipakuliwe pale tu mteja anapoigusa ili aone nyuzi na pindo.

Jukumu la kwanza ni la mafundi wanaojenga maduka haya. Kumkabidhi mfanyabiashara tovuti isiyopunguza yenyewe uzito wa picha ni kumkabidhi kazi nusu, hata kama inapendeza kwenye kompyuta ya ofisini. Naye mfanyabiashara, kabla hajamalizia malipo, azime Wi-Fi, achukue simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, afungue duka lake na kuangalia ni MB ngapi zimeondoka. Zikiwa nyingi, amrudishie fundi kazi yake.