Mtoto mkimya naye apewe haki yake darasani

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ukweli wa kauli hiyo humdhihirikia mzazi pale anapoanza kutambua kwamba kiumbe aliyekabidhiwa si udongo mtupu wa kufinyangwa kama apendavyo mfinyanzi. Mtoto huja duniani na hulka yake. Wapo wanaokuja wakicheka, wapo wanaokuja wakigomba, na wapo wanaokuja wakitazama tu. Hawa wa mwisho ndio ninaokusudia kuwatetea leo, kwa sababu tunawadhulumu nyumbani na shuleni, na mara nyingi twafanya hivyo kwa nia njema.

Juma lililopita kitinda mimba wangu alitimiza umri wa miaka sita. Watoto wa jirani na binamu zake walialikwa, keki ikaletwa, mishumaa ikawashwa. Kaka yake alipokuwa na umri kama huo alipanda juu ya kiti akawahutubia wageni kama diwani anayeomba kura. Huyu dada yake alijificha nyuma ya nyanya yake, akakataa kuzima mishumaa hadi nyimbo zilipokwisha na macho ya watu yakageukia soda. Shangazi mmoja alishauri mtoto apelekwe akaombewe. Mwingine aliuliza, mtoto mwenyewe akisikia, kama hajambo kichwani. Nyanya yake alijibu kwa maneno mawili: "Mwacheni, anatazama."

Naam, alikuwa akitazama. Keki ilipokwisha kugawanywa, ni yeye aliyenivuta shati na kuninong'oneza kwamba mtoto wa bawabu, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, hajapata. Katika kundi zima la watu wazima na watoto, hakuna mwingine aliyekuwa amehesabu.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimepokea ripoti yake ya muhula. Kusoma hana tatizo, hesabu hana tatizo. Lakini katika mawasiliano mwalimu aliandika kwamba anakaribia matarajio, na chini yake akaongeza kwamba ni mtoto mwema ila hazungumzi darasani, ajitahidi. Simlaumu mwalimu huyo. Ameandika alichokiona. Ila maneno hayo, yakijumlishwa na yale ya shangazi zake, yamenifanya nitafakari namna tunavyowapima watoto wetu.

Lugha yetu imetupa maneno mawili ambayo tungalitofautisha barabara, tungalijiepusha na makosa mengi. Hulka ni yale maumbile ya nafsi ambayo mtoto huzaliwa nayo: wepesi au uzito wa kuzoea mambo mapya, ukali au upole wa hisia, wingi au uchache wa maneno. Tabia ni yale anayofunzwa na kuyazoea: adabu, ukweli, bidii, huruma. Tabia twaweza kuirekebisha, na ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi. Lakini mzazi anayemwadhibu mtoto kwa sababu ya hulka yake hana tofauti na anayemwadhibu kwa sababu ya kimo chake.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Wengi wao hawakujua hata tarehe waliyozaliwa, wala hawakukatiwa keki. Walichohifadhi ni jina. Mjaluo aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Okoth. Mbukusu aliyezaliwa wakati wa mavuno aliitwa Wekesa. Mkikuyu alipewa jina la babu au nyanya. Mtoto mkimya aliyepewa jina la babu mkimya hakuonekana kuwa mgonjwa. Watu walisema tu kwamba amemfuata mwenye jina lake.

Wataalamu nao wamefikia hapo hapo kwa njia yao. Mnamo mwaka 1956, Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 mjini New York tangu wakiwa wachanga. Waligundua kwamba takriban 40 katika kila 100 walikuwa wepesi kulea, 10 walikuwa wagumu, na 15 walikuwa wazito wa kuzoea: hawakatai jambo jipya, ila hulisogelea pole pole. Waliosalia walikuwa na mchanganyiko. La muhimu zaidi ni hitimisho lao, kwamba hakuna hulka ambayo ni mbaya kwa yenyewe. Shida huzuka pale hulka ya mtoto na matakwa ya mahali alipo yanapokosa kuafikiana.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Waliona kwamba mtoto mchanga aliyeamka mara kwa mara usiku hakumsumbua mtu, kwa kuwa alilala ubavuni mwa mama yake, akanyonya, akalala tena. Katika miji ya Marekani mtoto wa aina hiyo hiyo alikuwa balaa kwa wazazi waliotaka alale peke yake hadi alfajiri. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni nyumba.

Mfano mwingine ni wa kuhuzunisha. Mwaka 1974, ukame ulipokuwa ukiikumba nchi ya Wamaasai, daktari Marten deVries aliwachagua watoto wachanga watulivu mno na wengine wakali mno. Aliporejea baada ya miezi kadhaa, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho, akaweza kupata saba za wale watulivu na sita za wale wakali. Katika watulivu saba, watano walikuwa wamekufa. Katika wakali sita, alikuwa amekufa mmoja tu. Idadi hiyo ni ndogo, na haifai kujengewa sheria ya dunia nzima. Hata hivyo, maelezo yaliyotolewa yanaingia akilini: mtoto mkali alilia, na aliyelia alinyonyeshwa. Isitoshe, jamii hiyo ya mashujaa ilipenda mtoto mwenye ukali. Mtoto mpole hakulia, na katika dhiki ile maziwa yakaenda kwa aliyeyadai.

Ndugu mwalimu, tafakari mfano huo, kisha ulitazame darasa lako. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mnamo Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni, madarasa mengi ya shule za umma yamefurika. Mwalimu mmoja aliye mbele ya watoto 50 au 60 ana dakika chache mno za kumgawia kila mmoja. Dakika hizo ndizo maziwa ya darasani. Huenda kwa nani? Huenda kwa anayeinua mkono na kuita "Mwalimu! Mwalimu!", na huenda kwa mtundu anayevuruga somo. Yule aliyeketi kimya, asiyegomba wala kuuliza, huhesabiwa kuwa hana shida. Aweza kumaliza muhula mzima bila kuitwa jina isipokuwa wakati wa kuitwa sajili. Hesabu ya New York huenda isilingane na ya Kenya, lakini ikiwa hata watano tu katika darasa la 50 wana hulka hiyo, basi ni watano wanaoshinda na njaa katikati ya karamu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuupata. Silipingi lengo hilo. Hatari yake ni kwamba twaweza kudhani mawasiliano ni kusema kwa sauti mbele ya watu, basi. Kusikiliza ni mawasiliano. Kuandika ni mawasiliano. Hata kumnong'oneza mzazi kwamba kuna mtu hajala ni mawasiliano, tena ya hali ya juu. Mtoto anayepimwa kwa mdomo peke yake amepimwa kwa mizani yenye kitanga kimoja.

Nasikia tayari atakayenijibu kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kwamba ulimwengu wa leo hauna nafasi kwa mtu asiyeweza kujieleza. Atakayetafuta kazi ataulizwa maswali, na atakayedhulumiwa sharti aweze kupaza sauti. Hoja hiyo ni ya haki, na sisemi mtoto mkimya aachwe kama alivyo hadi ukubwani. Ninalosema ni kwamba kumfunza kusema ni jambo moja, na kumtahayarisha kwa kutosema ni jambo jingine. La kwanza humpa chombo. La pili humwongezea hofu, na hofu haijapata kumfunza mtu ufasaha. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa huku wenzake wakimcheka hujifunza jambo moja tu, kwamba kimya chake kilikuwa salama zaidi.

Lipo pia jambo la kutahadharisha. Si kila kimya ni hulka. Mtoto aliyekuwa mchangamfu kisha akanyamaza ghafla ana jambo. Pengine hasikii vizuri, pengine ni mgonjwa, pengine nyumbani kuna msiba au njaa, au kuna mtu mzima anayemtendea uovu. Hapa mwalimu na mzazi hawana budi kuchunguza kwa upole na kwa haraka. Akiwa na shida ya masikio au ya usemi, vipo vituo vya tathmini ya watoto vya Wizara ya Elimu. Akiwa anadhulumiwa, ipo nambari 116 ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo. Mwalimu anayeijua hulka ya mwanafunzi wake ndiye atakayetambua kwamba kimya cha leo si kile cha jana. Asiyemjua hataona tofauti.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumpe mtoto muda. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu walipouliza swali walingoja kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujijibu wenyewe. Waliponyamaza kwa sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto ambao hawakuwa na desturi ya kujibu wakaanza kujibu. Sekunde tatu hazihitaji bajeti ya serikali wala semina hotelini.

Pili, watoto wazungumze wawili wawili kabla ya kuombwa kulihutubia darasa. Mtoto aliyekwisha kulisema jibu lake kwa jirani wa dawati hulibeba kwa urahisi zaidi hadi mbele. Tatu, mwalimu ajiwekee desturi ya kupitia sajili kila Ijumaa na kujiuliza ni nani ambaye hakuzungumza naye juma hilo. Majina atakayoyapata hapo ndiyo ya kuanza nayo Jumatatu.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Tukome kuwaambia wageni, mtoto akisikia, kwamba huyu ni mwoga au huyu ni mzito. Mtoto wa miaka sita huyaamini maneno ya wakubwa kumhusu, na akiisha kuyaamini huyatimiza. Tukome pia kuwalinganisha ndugu. Walilala tumbo moja, lakini hawakuzaliwa na moyo mmoja. Na tunapoletewa ripoti, twende tukazungumze na mwalimu, tumweleze mtoto hufanya nini akiwa nyumbani. Mwalimu humwona akiwa mmoja kati ya hamsini; sisi tumemwona tangu alipofungua macho.

Ama ninyi wanafunzi, hasa mlio katika madarasa ya juu na shule za mabweni, neno langu kwenu ni fupi. Mnajua desturi yenu ya kummwagia maji mwenzenu siku yake ya kuzaliwa. Kwa mmoja ni furaha atakayoisimulia mwaka mzima. Kwa mwingine ni aibu ambayo huianza kuiogopa juma moja kabla. Urafiki ni kujua nani ni nani. Na wewe uliye mkimya, usijidhani kuwa na upungufu. Jifunze kusema pale panapohitaji kusemwa, kwa sababu haki isiyodaiwa husahaulika. Lakini usijilazimishe kuwa debe.

Taifa linahitaji wasemaji, na Kenya haijapata kuwa na uhaba wao. Linahitaji pia wale wanaohesabu walioachwa mlangoni. Watu wa aina hiyo hawapatikani kwa kugeuzwa wawe kama wengine. Hupatikana kwa kuonwa mapema na mwalimu mwenye subira, kuulizwa swali moja, na kungojewa hadi wajibu.