Kipande cha Ini ni Amana

Baadhi ya vijana wetu wa Mpanda wametuuliza: tabibu akikata kipande cha ini la mgonjwa ili apime maradhi, kisha akaomba sehemu yake iwekwe kwa utafiti, je, Mwislamu aridhie au akatae? Suali hili ni zuri, nasi twalijibu kwa kadiri ya ujuzi wetu.

Kwanza na tujue haja yenyewe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya kimya, mpaka ini likakakamaa au likapata saratani. Panya wa kawaida hawapatwi na virusi hivi, kwa hiyo kuchunguza panya peke yao hakutoshi. Mwaka 2015 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, wakiwamo Meritxell Huch na Hans Clevers, walieleza jinsi walivyozikuza chembe za ini la mwanadamu chomboni kwa miezi, zikawa madonge madogo mno. Chembe za wagonjwa wa maradhi ya ini ya kurithi zilionyesha maradhi yale yale ya wenyewe.

Wala jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi Uingereza, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani ya chembe zake virusi visivyopata kujulikana.

Lakini huko Marekani, mwaka 1951, chembe za Henrietta Lacks zilichukuliwa pasipo ridhaa yake, zikaenea duniani na kuuzwa, na jamaa zake wasijue kwa zaidi ya miaka 20. Hiyo ndiyo dhuluma tunayoihofu.

Basi rai yetu ni hii. Kipande kilichokwisha katwa kwa matibabu, akikitoa mwenyewe kwa nia ya kuwafaa wenziwe, twataraji ni sadaka. Aya ya 32 ya Suratul Maida yatufunza ukubwa wa kuihuisha nafsi moja. Ila aelezwe kwa lugha aifahamuyo, jina lake lisitiriwe, na akikataa asinyimwe dawa. Na mume asimtilie mkewe sahihi bila ya kumwuliza: mwili ni amana aliyopewa yeye.

Mwisho, enyi wazazi, chanjo ya homa ya ini imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002. Msiwakoseshe watoto wenu. Wallahu aalam.