Thamani ya Maji Safi Sangailu

Silanga inapochimbwa kule Sangailu, kusini mwa kaunti ya Garissa, gharama yake huandikwa mpaka shilingi ya mwisho. Je, faida yake kwa akina mama huandikwa wapi?

Wanauchumi walilikabili swali kama hili kwanza katika mambo ya starehe. Mwaka 1947 Harold Hotelling aliwaandikia wasimamizi wa mbuga za taifa za Marekani kwamba thamani ya mahali pa matembezi yaweza kukisiwa kwa kutazama wageni wanatoka umbali gani na wanatumia nini njiani. Baadaye hesabu hiyo ikaingia kwenye mito na maziwa: maji yakitakata, watu huyaendea kuogelea na kuvua, na gharama ya mwendo wao ndiyo huonyesha bei.

Kwetu mwendo ni wa madumu, si wa starehe, lakini hesabu ni ile ile. Utafiti wa Ukunda uliochapishwa mwaka 1990 ulizitazama familia zilizoweza kununua maji kwa wachuuzi, kwenda kioski, au kuteka kisimani. Walionunua walionekana kuithamini saa yao karibu sawa na ujira wa kibarua. Tuipeleke saa hiyo Sangailu. Mama atumiaye, kwa mfano, saa tatu kila siku kwenda silangani na kurudi, hutumia saa 1,095 kwa mwaka, yaani siku za kazi zipatazo 137. Ni nani aliyewahi kumlipa?

Hata hivyo, hesabu ya nyayo ina upungufu wake. Huko Busia chemchemi zilijengewa. Vijidudu vya kinyesi vikapungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi (nyumbani kidogo zaidi, kwani maji huchafuka tena), na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Lakini utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta thamani iliyopimwa kwa mwendo ni ndogo mno kuliko ile waliyoitaja wenyewe walipoulizwa. Je, hawawajali watoto wao? Hasha! Nyayo hupima nguvu na nafasi aliyonayo mtu, na mama mwenye mtoto mgongoni na jua la utosi nafasi yake ni finyu.

Basi baraza la maji likiitishwa, akina mama waende na saa zao zimeandikwa, pamoja na siku walizokesha na watoto wanaohara. Wadai uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie majini, na birika la mifugo lijengwe kando.