Uzito Kwanza, Kisu Baadaye

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kupunguzwa tumbo hahitaji tena kufunga safari ya India au Uturuki. Tangu 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila inafanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Tunaipongeza. Lakini huduma kusogea karibu hakufanyi imfae kila mtu, na mwenye uzito mkubwa ndiye anayepaswa kusikia hili mapema.

Upasuaji wa kupunguza tumbo si dawa ya unene. Daktari hukata ngozi iliyolegea pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kisha hukaza misuli iliyoachana, mara nyingi kwa sababu ya uzazi. Mafuta yaliyo ndani zaidi, yanayozunguka ini na utumbo, hayaguswi. Hayo ndiyo husukuma kitambi mbele, na ndiyo huchangia kisukari na presha. Mwenye kitambi cha namna hiyo anaweza kumaliza akiba ya biashara na tumbo likabaki.

Kwa mwenye uzito mkubwa, hatari nayo huongezeka: damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, kidonda kutunga usaha au kuchelewa kufunga, na matatizo ya nusukaputi. Ndiyo maana madaktari wengi husita uwiano wa uzito na urefu unapofika 30. Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.60 anapata 35. Anapaswa kushuka chini ya kilo 77, na uzito utulie walau miezi 6. Anayetarajia kuzaa tena asubiri. Mvutaji sigara aache kwanza.

Anayefaa zaidi ni yule aliyekwisha kupungua, ngozi ikabaki inaning'inia. Wengine waanze kwa kupunguza soda na chipsi, na kwa kutembea. Ikishindikana, wamuulize daktari kuhusu puto la tumboni, ambalo Mloganzila pia huliweka.

Tunaitaka Wizara ya Afya izibane kliniki zinazotangaza upasuaji huu, ziwaeleze wateja masharti hayo waziwazi kabla ya kupokea malipo. Nawe msomaji, ukitajiwa bei kabla ya kupimwa uzito, sukari na presha, ondoka.